Mbolea ya Mwezi Mpevu

Hapa kwetu Rumonge kila mtu ni bingwa wa mbolea. Muulize muuza mawese, muulize fundi wa baiskeli, muulize hata yule anayeshinda barazani akitazama magari ya Nyanza-Lac yakipita, atakwambia mahindi yanataka samaki gani. Mmoja ataapa kwa unga wa ndagala, dagaa wetu hawa. Mwingine atakwambia hakuna kama maji ya matumbo ya samaki. Wa tatu atakusimamisha juani akueleze habari za mifupa ya sangala, samaki wetu mkubwa, mpaka miguu ife ganzi. Na wote hao, ukienda kuyaona mashamba yao, jamani, afadhali usiende.

Latifa hakuwa na nafasi ya ubishi huo. Alitaka kitu kimoja tu: siku wazee watakapokuja, wakute mahindi yake yamesimama.

Moussa, mume wake, alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua. Haikutosha. Baadaye ziwa hilohilo likapanda, likaingia mtaani kama mgeni asiye na haya, likabomoa nyumba ya matofali mabichi aliyoachiwa, kisha likarudi zake taratibu na kuacha mchanga juu ya shamba. Kwenye sehemu iliyoinuka kidogo Latifa akasimamisha kibanda cha mabati, akawa analala humo na binti yake Raisa. Basi shamba ndilo lilikuwa nyumba yao. Hawakuwa na pengine pa kuweka kichwa.

Zubeir, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na mpango wake. Alishampata mtu wa Bujumbura anayetaka kujenga hoteli ufukweni, na tangu hapo mdomo wake haukupumzika. Ardhi ni ya ukoo, anasema. Mchanga ule hauzai kitu, anasema. Mjane bado kijana, kesho ataolewa kwingine na shamba litaenda na watu wasiojulikana. Maneno yakawa mengi mpaka yakafika kwa wazee. Wakakaa wawili: Mzee Hakimu wa msikitini, na Mzee Mardochée, chefu wa mutaa, yaani kiongozi wa mtaa. Wakasikiliza pande zote, wakakata shauri mbele ya watu.

"Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani tutakuja kuangalia," alisema Mzee Hakimu. "Tukikuta shamba liko hai, ni la huyu mama na mutoto wake, na neno hili lisirudiwe tena. Tukikuta limekufa, Zubeir achukue."

Limekufa! Latifa aliondoka pale na neno hilo limemkaa kifuani. Mbolea ya dukani ilikuwa haijafika, watu wamejiandikisha na wanangoja, na kila ukiuliza unaambiwa lori liko njiani. Samadi ya ng'ombe ataitoa wapi, pwani hii ambako ng'ombe ni wa kuonekana siku ya kuchinja? Kilichokuwepo ni samaki, basi.

Mahindi yalipofika kwenye vifundo vya miguu, tayari yalikuwa yamepauka. Ndipo jirani yake akampa wazo. Jirani huyo ni Naomie, mama wa Heri, Mkongo wa upande wa Fizi aliyekimbia vita na kuvuka ziwa akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja. Alikuwa akipasua samaki mwaloni, pale mitumbwi inapofika, na Jumapili kwenye kwaya, jioni jikoni, anaimba kwa sauti ya kuamsha wafu. Kati ya kibanda chake na shamba la Latifa kulikuwa na ua wa matete tu, na juu ya ua huo walikuwa wamepitishiana moto, maji, majungu na watoto.

"Mama Raisa, usitie yote kitu moja," Naomie alisema. "Gawa shamba. Huku tia ile unga yako ya ndagala, hapa katikati tia mifupa, huku kwangu niachie miye nitie maji ya matumbo. Tutaona yenyewe gani iko na nguvu."

Wakafanya hivyo. Upande wa barabarani Latifa alitia unga. Alikuwa akifagia chini ya vichanja vya kuanikia, akikusanya vichwa, mikia na ndagala waliovunjika, anavitwanga kinuni na kufukia konzi moja karibu na kila shina. Ilikuwa kazi ya mgongo. Mbwa wa mtaa mzima walikuja kufukua, kunguru wakaja, siafu wakaja, na Latifa akawa analinda shamba kwa fimbo kama analinda arusi. Katikati alitia mifupa na vichwa vya sangala kutoka kwa wachoma samaki wa stendi, akavichoma pamoja na vikonyo vya michikichi na kuvisaga na majivu yake. Na kule kwenye ua, Naomie akatia maji yake. Alikuwa na pipa la plastiki ambalo ndani yake matumbo ya samaki aina ya mukeke yalikuwa yakioza na kuchachuka. Lo, harufu ile! Ukifunua, machozi yanakutoka bila kufiwa. Alichanganya kikombe kidogo katika bidoni zima, lile dumu la plastiki, la maji ya ziwa, akamwagia mashinani jua linapopoa.

Matokeo hayakuchelewa. Mifupa haikuleta kitu cha kuonekana. Shina lilikuwa gumu kidogo, lakini jani lilibaki njano vilevile. "Hii iko mbolea ya wajukuu," Naomie alicheka. Unga ulifanya kazi polepole, lakini ulifanya. Jani lilianza kukolea kutoka chini na kupanda juu, na likikolea halirudi nyuma. Maji ya Naomie, hayo yalikuwa kitu kingine. Wiki haikuisha, mahindi ya upande wa ua yakawa kijani cha kutisha, yanainuka kama yanaitwa. Ila ukisahau kumwagia, mchanga unayapitisha yote na jani linaanza kulalamika tena.

Latifa aliona, akafurahi mpaka akamkumbatia jirani yake. Kesho yake akaenda kuomba lile pipa wamwagie shamba zima. Na pale, kwenye mlango wa Naomie, akaona mtungi wa machicha ya urwarwa, pombe ya ndizi, na Naomie anayachota kwa bakuli na kuyatupia pipani.

"Mama Heri. Ni nini hiyo unatia?"

"Machicha. Bila hii haichachuki vizuri. Inaoza bure, inaleta mafunza."

"Tangu mwanzo ulikuwa unatia pombe?"

"Kidogo tu."

"Katika shamba langu? Mahindi nitakayomulisha mwanangu? Na kesho kutwa ni Ramadhani?"

Naomie alijaribu kumweleza kwamba pombe haiingii kwenye jani, kwamba hata mvua inanyesha juu ya baa na juu ya msikiti. Angenyamaza ingekuwa heri. Latifa alishawaka. Alikuwa amekwisha kuwasikia akina wifi zake wakisema anashinda kwa makafiri, na Zubeir akisikia habari hii ataibeba mpaka msikitini. Hofu ile yote ikamtoka mdomoni ikiwa matusi. Akamwambia Naomie aondoe uchafu wake. Akamwambia kwamba wakimbizi wakipewa kidole wanataka mkono. Watu wakatoka nje kusikiliza. Naomie alifunika pipa lake, akaingia ndani, na jioni ile kwa mara ya kwanza hakuimba.

Mimi sitamtetea Latifa hapo. Alikosea, na alijua amekosea kabla hajafika mlangoni kwake. Lakini kuna watu ambao neno "nisamehe" kwao ni zito kuliko gunia la mihogo, na yeye ni mmoja wao.

Ramadhani ikaingia. Latifa akaendelea na unga wake peke yake, amefunga, jua la Rumonge liko utosini, anafagia, anatwanga, anafukia. Kwa shida, kwa jasho, shamba likaanza kuonekana shamba. Zubeir alipita siku moja barabarani akapunguza mwendo, akatazama, akaondoka bila kusalimia. Siku ile Latifa alifuturu kwa furaha.

Jioni moja Naomie alikuja mpaka kwenye ua. Alikuwa amesimama upande, mikono nyuma.

"Amahoro, Mama Raisa. Samahani. Uko na chumvi kidogo? Nimepika majani ya sombe, nyumba haina hata punje."

Latifa alichota chumvi kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye kipande cha jani la mgomba na kumpitishia juu ya matete. Hakumkaribisha. Hakumtazama hata usoni. "Murakoze," Naomie alishukuru, akaenda zake. Raisa alimuuliza mama yake kwa nini hakumpa chumvi ya kutosha, akaambiwa akaoshe vyombo.

Kisha mwezi ukajaa.

Asiyeishi na ndagala hawezi kuelewa neno hilo lina uzito gani. Ndagala huvuliwa kwa taa kwenye giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, samaki wanatawanyika tu. Basi katikati ya kila mwezi mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kucheza karata, na chini ya vichanja hakuna cha kufagia ila mchanga. Latifa alizunguka ufuko mzima na ufagio wake. Alikwenda mpaka karibu na Gitaza kwa lifti ya lori la mawese, akarudi na kikapu kitupu. Na mahindi, wakati huo ndipo yalikuwa yanakula sana. Yalikuwa kifuani, yanataka kuchanua, na majani ya chini yameanza tena ile rangi yake mbaya. Upande wa ua, ulioachwa bila maji ya Naomie, ulikuwa umezidi.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa inakuja. Latifa alikuwa haoni usingizi. Anakula daku bila kusikia ladha, anaswali na macho yako shambani.

Akaenda kwa Dusabe. Huyu ni mfanyabiashara mwenye ghala la ndagala nyuma ya soko, mtu mkimya, hana ubaya na mtu. Latifa aliomba amfagilie ghala, malipo yake yawe mabaki. Dusabe akakubali, akamwonyesha kona yenye vipande vilivyovunjika na vumbi la samaki, vilivyolala hapo tangu mvua za mwanzo. Latifa alijaza gunia mpaka likakataa kufungwa. Alimshukuru Mungu njia nzima, gunia liko kichwani, shingo inataka kuvunjika.

Sasa, wanawake wa ndagala wana desturi yao. Hakuna anayepokea gunia bila kuonja. Unachovya kidole, unagusisha ulimi, unatema, basi, umeshajua kila kitu: wamekaushwa juani au kwa moshi, wa juzi au wa zamani, wana mchanga, hawana. Latifa alifanya hivyo tangu akiwa mtoto, bila kufikiri, kama mtu anavyofuta jasho. Alipofika shambani akatua gunia, akafungua, akachovya kidole na kukipeleka mdomoni. Kidole kikasimama njiani. Amefunga! Astaghfirullah, nusura.

Angengoja magharibi. Ndiyo, angengoja. Lakini juu ya milima wingu lilikuwa limejikusanya, jeusi, zito, na kila mkulima anajua kwamba unga unataka kufukiwa kabla ya mvua, siyo baada. Angemwita mtu asiyefunga amwonjee. Mtu huyo alikuwepo, hatua chache tu, nyuma ya matete, anaosha sufuria. Latifa alimwona mgongo. Alifungua mdomo, akaufunga. Kumwita leo, baada ya yale? Afadhali afe kwanza. Akakung'uta kidole, akashika jembe.

Na mimi nawaambia sasa hivi, msijisumbue kukisia. Gunia lile lilikuwa na chumvi. Wakati wa mvua wenye maghala hunyunyizia ndagala chumvi wasije wakaoza, na inayodondoka inabaki sakafuni na vumbi. Kila mtu wa pwani hii analijua jambo hilo. Latifa analijua kuliko wengi. Lakini mtu mwenye hofu akili yake haitembei, inakimbia, na inapokimbia inaruka vitu vilivyolala njiani.

Alifukia mkono kwa mkono, shina kwa shina, mpaka mikono ikawaka. Aliona inawaka, akadhani ni malengelenge. Gunia likamwishia kabla ya mstari wa mwisho, ule unaogusa ua wa Naomie. Akautazama mstari ule uliopauka, akasema liwalo na liwe.

Wingu likapita. Likaenda kunyesha ziwani, mbele ya macho yake, maji juu ya maji. Tangu siku ile hakuna tone. Jua likashuka kama limekodishwa, na Latifa akabeba bidoni kutoka ziwani asubuhi na jioni, anamwagilia, na kila anapomwagilia anaipeleka chumvi mizizini kwa mikono yake mwenyewe.

Ncha za majani zikaanza kukauka. Akasema ni jua. Kingo zikawa kahawia, zikajikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Akasema ni njaa, mbolea haijatosha. Basi unajua alifanya nini? Alirudi kwa Dusabe akaomba kona nyingine. Akaleta gunia dogo, akaongeza palepale palipokauka! Kila nikifika hapa nataka kumshika mkono. Mama, acha! Onja kwanza!

Katika siku hizo alimwona Naomie, mara mbili au tatu jua likizama, akiinama upande wa pili wa matete na bidoni mkononi, akipitisha mdomo wa bidoni kwenye tundu la ua na kumwaga kwenye mstari wa mwisho. Latifa aliona. Damu ikampanda. Pombe tena! Lakini hakuwa na nguvu ya kugombana. Mstari mmoja, akajisemea, mwache auchezee.

Alhamisi jioni alisimama katikati ya shamba. Upepo ulipopita, mahindi hayakunong'ona kama mahindi. Yalikwaruza. Alikaa chini mchangani, akaweka uso magotini, na Raisa alipomletea maji ya kufuturu alimkuta bado hajasogea. "Mama, adhana imeshalia," alisema mtoto. Latifa alikunywa. Hata siku ile hakuonja udongo. Mtu atawezaje kufikiria kuonja udongo?

Ijumaa, baada ya swala, walikuja. Mzee Hakimu na kanzu yake nyeupe, Mzee Mardochée na kofia yake ya pama, Zubeir nyuma yao, na nyuma ya Zubeir nusu ya mtaa, maana sisi tukisikia mjane anapokonywa shamba hatuwezi kukaa majumbani. Naomie naye alitoka, akasimama kwenye ua wake na Heri pembeni.

Shamba lilisema lenyewe. Zubeir alikunja mikono kifuani akangoja, na lazima niseme ukweli, uso wake haukuwa na furaha. Alikuwa amekuja kuchukua mchanga, akakuta msiba.

Mzee Mardochée aliingia ndani ya mistari. Alivunja jani, likavunjika kwa mlio. Akachuchumaa, akafukua kidogo kwenye shina, akakuta ule unga, na pembeni yake mchanga umefanya ukoko mweupe. Mzee huyu ni Mkristo, hakufunga. Akachovya kidole, akagusisha ulimi. Akatema.

"Chumvi," alisema.

Watu wakaguna. Kona ya ghala. Mvua za mwanzo. Mikono iliyowaka. Kidole kilichosimama njiani. Vyote vikamjia Latifa kwa mara moja.

"Nani ametia chumvi katika shamba hili?" Mzee Hakimu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Macho ya watu yakamgeukia Zubeir. Nani mwingine angefaidika?

"Wallahi siyo mimi!" Zubeir aliruka. "Naapa kwa kaburi la baba yangu! Mnaniangalia mimi? Mwangalieni yule!" Akanyoosha mkono kwenye ua. "Yule Mkongo! Mutaa muzima umesikia walivyogombana. Na nani hajamwona akimwaga vitu hapa na bidoni yake jioni jioni? Semeni! Hamkumwona?"

Walikuwa wamemwona. Mmoja akasema ndiyo, mimi nilimwona. Mwingine akasema hata mimi. Ilikuwa kweli, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mzee Hakimu alimgeukia Latifa. Alikuwa anampenda marehemu Moussa kama mwanawe, na sasa alikuwa ameona mlango wa kumwokoa mjane wake. Alisema polepole, kila mtu asikie. "Kama mkono wa adui umeingia, shamba halikufa, limeuliwa. Mwenye kuuliwa shamba hanyang'anywi. Litabaki kwako mpaka msimu ujao, na aliyefanya hivi atahama pwani hii. Binti yangu, sema wewe. Ni huyu?"

Neno moja. Hata neno halikuhitajika, kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Latifa alitazama kibanda chake cha mabati. Alimtazama Raisa aliyeshika nguzo ya mlango kana kwamba kuna mtu ameshaanza kuivuta. Akamtazama Naomie. Naomie alimvuta Heri karibu, akaanza kukaza khanga kiunoni, vile anavyofanya mtu aliyewahi kuhama usiku mmoja na anajua cha kubeba kwanza. Ni khanga ile iliyomshinda Latifa. Ni vidole vile vikikaza fundo.

Mungu wangu, aliwaza, nina mtoto. Nina mtoto. Mungu wangu.

"Mzee," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Huyu chumvi ataitoa wapi? Chumvi ya kuua shamba zima! Juzijuzi alikuja kwangu kuomba ya sombe, nyumbani kwake haiko hata punje. Nikampa ya kuchota kwa vidole viwili, tena kwa chuki."

"Sasa maji aliyokuwa anamwaga?" Zubeir alidakia.

"Njoo uangalie alipomwaga, shemeji. Njooni wote."

Akawapeleka mpaka kwenye ua. Mstari wa mwisho ulikuwa umesimama. Kijani kizito, majani mapana, na juu kabisa maua ya kwanza yamechomoza. Watu walitazama mstari ule, kisha wakageuka kutazama shamba lililoungua nyuma yao. "Alipomwaga yeye ni hapa," alisema Latifa. "Kwingine kote nimetia mimi. Nilifagia ghala, nikaleta mabaki yenye chumvi, sikuonja. Nilikuwa nimefunga, nikaogopa kuonja. Na wa kunionjea alikuwa pale, nikaona haya kumwita. Hakuna adui. Ni mimi."

Mzee Hakimu alifunga macho.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mwenye haja akionja kwa ncha ya ulimi na kutema, saumu yake haivunjiki. Ungeniuliza."

Latifa alimwita Raisa, akamshika mkono.

"Hukumu ni ileile," alisema Mzee Mardochée hatimaye, akitazama chini. "Mstari mmoja siyo shamba." Zubeir akapewa shamba. Alilipokea bila kusema asante, na alipoondoka hakumtazama mtu. Latifa aliruhusiwa kukaa mpaka Idi ipite.

Hakungoja Idi. Jioni ileile alianza kung'oa mabati, akiyapanga moja juu ya jingine, na Raisa akikusanya misumari na kuiweka koponi. Adhana ilimkuta juu ya kigoda. Hakuwa na tende, hakuwa na uji, alikuwa amesahau kabisa kwamba watu hula.

Naomie alikuja. Hakupitia kwenye ua, alizunguka akapitia mlangoni kama mgeni, ingawa mlango wenyewe ulikuwa umebaki nguzo. Alikuwa na bakuli la sombe lililofunikwa na sahani.

"Yale maji ya kwenye mstari," alisema, bado amesimama, "haikuwa na pombe. Nilianza pipa lingine siku ile ulinitukana. Nilitia maganda ya nanasi. Nilikuwa nangoja uje uulize."

Latifa alishuka. Alitaka kusema lile neno zito, halikutoka. Naomie akamkalisha juu ya mabati, akaweka bakuli magotini mwake.

"Kula, umefunga. Iko na chumvi kidogo, ni ile yako. Niliibakisha."

Latifa alichota kwa vidole. Kwanza akagusisha ncha ya ulimi, kama alivyofundishwa utotoni. Ladha ikamfika, akaanza kulia, kilio cha kuinama, mpaka Raisa akaacha misumari akaja. Naomie alilishika bakuli lisimwagike, akangoja. Kisha akamwambia Raisa alete mkeka, kwamba leo watalala kwake.